Chai ya kijani ukiwa mjamzito: kipimo chake na saa yake

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Nimezoea vikombe vitatu vya chai ya kijani kwa siku, na kimoja nakinywa asubuhi ninapomeza vidonge vya kuongeza damu. Wifi yangu ananikataza, anasema inaharibu mimba. Nina pia vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza uzito. Nifanyeje?
Mama kijacho, Morogoro

JIBU: Dada, vidonge vya kupunguza uzito viache leo. Vimekolezwa mno kuliko chai ya kikombe, na wapo watu ambao ini lao limedhurika kwa vidonge vya aina hiyo. Soma pia pakiti za chai za “kupunguza tumbo”: nyingi zina sanamaki, ambayo inaharisha.

Chai yenyewe huna haja ya kuiacha. Cha kuhesabu ni kafeini ya siku nzima, ile kemikali ya chai na kahawa inayochangamsha mwili, maana inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, naye hana uwezo wa kuivunja. Mwili wako pia unaitoa polepole zaidi kadiri mimba inavyokua. Ikizidi, inahusishwa na mimba kutoka na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Nchini Uingereza wajawazito wanashauriwa wasipite miligramu 200 kwa siku. Kikombe cha mililita 250 cha chai ya kijani kina takribani 30 hadi 50, kwa hiyo vitatu vinaweza kufika 150. Ongeza kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, kama 75, na kopo la kola, 40: umeshavuka. Kunywa viwili, utoe kifuko cha majani baada ya dakika mbili, wala usikiache ndani ya chupa ya chai kikizidi kukoza.

Kosa lililo kubwa hapa ni hiyo chai ya asubuhi. Tanini, zile kemikali za majani zinazoipa chai ukakasi, zinashikana tumboni na madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya kuongeza damu, na sehemu ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Chuma cha maharage na mchicha nacho kinazuiwa vivyo hivyo. Meza kidonge kwa maji, au kwa maji ya chungwa au ndimu, kwani vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja hadi mbili, baada ya kidonge na baada ya mlo pia. Kama kidonge kinakutia kichefuchefu asubuhi, kimeze usiku unapokwenda kulala.

Wanaotafuta mtoto, na walio ndani ya wiki 12 za mwanzo, wapunguze zaidi, kikombe kimoja kinatosha: chai ya kijani ikinywewa kwa wingi inaweza kupunguza foliki asidi (vitamini ya kundi B) mwilini, na huo ndio wakati uti wa mgongo wa mtoto unapojengeka.

Ukirudi kliniki, omba upimwe wingi wa damu. Ikiwa imeshuka, mweleze mkunga kwamba vidonge ulikuwa ukivimeza kwa chai, asije akadhani dozi haikutoshi.