Winchi aliinama

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, umri wa kustaafu kwa lazima uongezwe kutoka miaka 60 hadi 65?" Nimelisoma kwenye simu ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, na jibu likanitoka kwa sauti mpaka konda akadhani nataka kushuka. Hapana!

Sasa nimekaa sebuleni naandika, na naona kabisa kwamba swali ninalolijibu si lenu, ni la jirani yake. Ninyi mnauliza mtu atoke kazini na miaka mingapi. Mimi nauliza yule ambaye mwili umeshamtoa kazini na miaka 51, wakati karatasi zinasema bado yumo, anakwenda wapi?

Najua wengine watawajibu kwa habari za ajira za vijana, na wengi zaidi watarudi kwenye kikokotoo, ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya mstaafu: ile asilimia 33 anayolipwa kwa mkupuo, na kwamba mwaka 2024 kuna waliopandishiwa ikawa 40. Sawa, yana umuhimu wake. Lakini hayo ni mazungumzo ya waliofika kwenye meza ya kukokotolewa. Kiwandani kwetu nimeingia mwaka 1999, na mpaka leo sijaona kuli aliyetimiza 60 akiwa bado anapakia. Hata mmoja. Maprofesa na madaktari bingwa wameshaongezewa hadi 65, na sina ugomvi nao. Kichwa cha profesa kikifika 63 ndiyo kwanza kimekolea. Mgongo je?

Nina mtu ninayemfikiria. Jina lake silitaji, na kiwanda sikitaji, kipo kule Barabara ya Nyerere ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Pugu Road. Yeye tulimwita Winchi, kwa sababu alikuwa anabeba mifuko miwili ya kilo 50 kwa mpigo, na huku anaendelea na stori za Simba na Yanga. Msiojua kazi ile, pigeni hesabu ndogo: lori la tani 30 ni mifuko 600. Wakipakia watu wanne, kila mmoja amebeba tani saba na nusu, na hilo ni lori moja, siku bado mbichi.

Winchi alianza mwaka 1997 kama kibarua, analipwa kwa siku. Akaandikishwa 2004. Zishikeni hizo tarehe, nitazirudia. Kufika 2014 alikuwa anapita duka la dawa asubuhi, anachomwa sindano ya diklofenaki, ndipo anaingia zamu. Mwaka 2016 akaamka mguu wa kushoto umekufa ganzi mpaka kwenye kidole gumba. Akapigwa MRI, ikaonekana diski ya kiunoni imetoka imebana mshipa wa fahamu. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 mshahara kamili, 63 nusu mshahara. Akazimaliza zote. Baada ya hapo ikaja barua ya kistaarabu inayomtaka aseme anarudi au harudi.

Mimi wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Tukaamua aombe pensheni ya ulemavu. Enzi hizo mifuko ilikuwa mingi kabla ya ile minne kuunganishwa 2018 ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kila mtu na wake. Wa kwake nauacha. Masharti yalikuwa yale yale anayoyajua leo mwanachama yeyote wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: bodi ya madaktari ithibitishe kwamba umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato.

Siku ya bodi tulikutana Tazara saa moja asubuhi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Moyoni nikasema, mbona kama anakwenda kuposa? Sikumwambia. Chini ya shati mkewe alikuwa amemfunga kanga kiunoni, imekazwa kama anavyofungwa mzazi aliyetoka kujifungua, ili mgongo usitikisike kwenye daladala. Alinionyesha kwa kufungua kifungo kimoja, akacheka, akakifunga upesi.

Tulikaa kwenye benchi mpaka saa tano. Mbele yetu kulikuwa na kijana aliyekatwa mkono chini ya kiwiko, na mama mmoja aliyepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande, binti yake anamfuta mate kwa leso. Winchi akawatazama muda mrefu, kisha akaniinamia.

"Mwenyekiti, mimi nimekuja kufanya nini hapa? Wagonjwa si wale?"

"Kaka, sikiliza. Ukiingia humo usijikaze. Panapouma sema panauma."

"Nimekuelewa."

"Usijikaze, kaka."

"Si nimekwambia nimekuelewa?"

Alipoitwa niliruhusiwa kusimama karibu na mlango na bahasha ya picha. Madaktari watatu: wawili watu wazima, na binti mmoja pembeni anaandika, hazidi miaka 28. Mkubwa wao akamuuliza kazi yake, akajibu. Akamuuliza tangu lini, akajibu. Kisha kwa upole tu, "Mzee wangu, unaweza kuinama?"

"Naweza."

"Hebu inama nione."

Mhariri, yule bwana alimtazama binti anayeandika, akavuta pumzi, akainama. Hakuishia kwenye magoti. Alishuka mpaka ncha za vidole zikagusa vigae, akakaa hapo kidogo kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka, kisha akanyanyuka, taratibu, uso hauna kitu. Akaulizwa kama anaweza kubeba. "Kwa sasa kidogo kidogo," akasema. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaliona jasho. Halikutoka mgongo mzima. Lilitoka kiunoni tu, mkanda mzima, na shati jeupe lilipolowa ile kanga ikaanza kuonekana, rangi ya machungwa na maua meusi. Wao walikuwa mbele, hawakuiona. Nilitaka kusema, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisimame tu.

Dakika kumi na kidogo tukatoka. Tulipokata kona ya korido akashika ukuta, akateremka nao mpaka chini, akalala ubavu sakafuni, na shati lake la pasi. Watu wakawa wanatupita. Nikapiga magoti pale pale.

"Kaka, tulikubaliana nini?"

"Yule binti ni umri wa mwanangu," akasema. "Ningemwambiaje mimi siwezi kuinama?"

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Upungufu upo, theluthi mbili haijafika, anaweza kufanya kazi nyepesi. Siwalaumu wale madaktari. Picha za MRI walizitazama, lakini na mtu walimwona kwa macho yao. Mtu aliyelelewa kwa kuambiwa jikaze, na akapewa jina na heshima yake yote kwa sababu anajikaza, huwezi kumwambia kwenye benchi saa nne asubuhi kwamba leo riziki yake iko kwenye kushindwa.

Na zile tarehe sasa. Pensheni ya kawaida ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Winchi alifanya kazi miaka 19, ila ya kibarua haikuchangiwa, kwa hiyo alikuwa na miaka 12, miezi 144. Ya ulemavu ingemfaa kwa sababu hiyo moja: haikuhitaji zote 180. Ilipokataliwa, kusubiri 55 ya kustaafu kwa hiari kusingemsaidia kitu, maana miezi haikutimia na hakuna aliyekuwa anamchangia. Akachukua fao la kujitoa, yaani kutoka kwenye mfuko na kulipwa michango yako, ambalo wakati ule lilikuwa bado linatolewa. Ikalipa madeni ya hospitali, bati za chumba cha nyuma, na friji.

Mtaniuliza habari za WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Niliulizwa hata wakati ule. Mfuko ulishaanza kupokea michango ya waajiri Julai 2015, mfanyakazi hakatwi hata senti, na haufidii ajali tu, unafidia na magonjwa yanayotokana na kazi. Tatizo lilikuwa karatasi ya kwanza, ya kueleza ameumia lini. Ofisa utumishi aliniuliza hivyo hivyo, kalamu mkononi: aliumia lini? Nikamjibu, kati ya 1997 na 2016. Akaweka kalamu chini. Leo ningebishana zaidi. Wakati ule nilikuwa na sababu ya kutobishana sana, na ndiyo inayofuata.

Bodi ilisema kazi nyepesi. Mwongozo wa kazi unamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa afya, atazame kama ipo kazi nyingine anayoiweza. Kwetu kazi nyepesi ni getini: unakaa kibandani, unaandika namba za malori, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Na kiti hicho kilikuwa wazi, mzee wa pale alikuwa amestaafu. Winchi ana darasa la saba, mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Kiti nilikipata mimi. Nilikuwa na presha, ilishawahi kupimwa ikasoma 180 kwa 110, na daktari aliniandikia nisifanye zamu za usiku. Sikudanganya kitu. Barua yangu ya maombi niliiandika wiki ile ile niliyokuwa nahangaika na faili la Winchi, na sikumwambia. Mpaka leo niko kibandani, nina feni na redio, na presha imetulia.

Kwa hiyo ile hapana ya kwenye daladala nilimpigia kelele nani? Mwakani natimiza 60. Kitinda mimba wangu yuko kidato cha tano. Kazi yangu ya sasa naiweza mpaka 65, pengine 67, miwani tu niongeze namba. Mtu kama mimi ndiye atakayefaidi mkiongeza umri, na hicho kiti kitazidi kuchelewa kumfikia Winchi mwingine aliyeko kwenye malori sasa hivi.

Hata hivyo naandika ndiyo. Ongezeni, lakini iwe kwa anayetaka na anayeweza, si kwa lazima, na ile 55 ya hiari msiiguse. Mkiongeza bila kuwagawa watu kwa kazi zao, yaani kuli na karani mkawapa kipimo kimoja, basi naifuta ndiyo yangu, acheni 60. Na kwa wapakiaji ningependa 55 wasiihesabu kama kustaafu mapema. Najua hilo lina gharama na mimi si mtaalamu wa mifuko.

Jambo moja limeniuma zaidi nilipokuwa nahesabu usiku huu. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Sisi tulikuwa kama 200. Hiyo ni nafasi sita. Miaka yote ya uenyekiti wangu nilizungumza na uongozi kana kwamba iko moja, ile ya getini.

Winchi yupo Vingunguti. Mkewe anauza barafu na maji ya baridi kutoka kwenye lile friji, yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mto na kurudisha chenji. Tukionana ananiita mwenyekiti bado. Mkewe ndiye msomaji wenu, humsomea majibu ya wasomaji jioni wateja wakipungua. Habari ya kanga ataitambua kabla hajamaliza sentensi. Naomba mkiona jibu hili linafaa, mlitoe baada ya Jumapili. Jumamosi nitapita kwao, hiyo barua yangu ya maombi aisikie kwangu kwanza.

Msomaji wenu,
Mbagala