Swali la wiki: Mnaogopa baridi bure, ogopeni maji

Mmeuliza: "Ndugu mlioko nchi za baridi, theluji ikianguka mnafanya mazoezi nje au mnahamia ndani?" Kwa sisi wa Minneapolis, Marekani, jibu langu ni nje, kila siku. Ila mmemtaja adui asiye mwenyewe. Kinachomrudisha mtu ndani ni maji.

Kumbukeni Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, Februari 12, 1998. Philip Boit wa Eldoret, aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu nyuma, alimaliza kilomita 10 za kuteleza kwa mbao akiwa wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi kwa dakika 27 na ushee, alimngoja dakika 20 ili amkumbatie. Kumbatio lile tunalisimulia mpaka leo (Boit hata akamwita mwanawe Dæhlie), lakini mvua ya siku ile nani anaitaja? Joto likiwa kwenye sifuri na mvua juu yake, theluji si unga tena, ni uji. Katika mtindo ule, unaoitwa klasiki, nta iliyopakwa katikati ya ubao inatakiwa ishike unapokanyaga na iachie unapoteleza. Nta ya nyuzi 10 chini ya sifuri haishiki kwenye uji. Ukipaka ya kunata zaidi, theluji mbichi inagandamana chini ya ubao kama tope la mfinyanzi kwenye soli, unatembea umeibeba. Hata wazawa wa theluji hubahatisha siku kama hiyo.

Mkimbiaji wa kawaida hana nta, ana jasho. Fulana ya pamba hulinyonya na kulishikilia kifuani. Ukipunguza mwendo tu, unatetemeka. Vaa ya poliesta au sufu nyembamba iliyobana, kisha flisi (sweta ya kitambaa laini chenye manyoya), kisha koti jepesi la kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni bila kuhisi kibaridi, umevaa kupita kiasi. Anza ukiuelekea upepo, urudi ukiwa mgongoni. Ukigeuza mpangilio huo, utaupokea ukiwa umeshalowa. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za vidole vitano. Soksi nene zinataka kiatu kikubwa kidogo, maana mguu uliobanwa haupati damu.

Barafu nayo ni maji. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huishiwa nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 10 hasi, kwa hiyo vaa juu ya kiatu ule mpira wenye meno ya chuma, ukanyage hatua fupi kama bata.

Naona ile "kila siku" yangu inapungua kadiri ninavyoandika. Nyuzi 15 hasi, kavu, jua limewaka: tokeni, mradi mwenye pumu afunike mdomo, na mrudi kabla ya saa kumi na nusu, maana Desemba giza haliombi ruhusa. Upepo ukifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28 hasi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa nusu saa, fupisheni. Lakini sifuri na mvua inayoganda? Pandeni ngazi za jengo lenu. Ndiyo, ndani.

Viatu vikilowa, jazeni magazeti, myabadilishe baada ya saa moja. Msiviweke juu ya hita, gundi ya soli itaachia. Na jarida hili halifai kwa kazi hiyo, karatasi yake inang'aa mno, hainyonyi.