Shangazi, mume wangu anafunga duka siku ya mauzo

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kwetu ni Bungoma, nimeolewa Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, na dini yao niliingia kabla ya harusi. Tuna duka la hadiwea. Mume wangu hufunga Ijumaa kabla jua halijazama, na Jumamosi, wateja wanapofurika, hagusi hela wala simu. Tena amemkopesha jirani tunayesali naye shilingi 2,000,000, bila riba, bila kuniambia. Dada yangu kaolewa juzi tu na tayari amejenga! Nafikiria kumweka kijana auze Jumamosi. Tunapoteza kama 350,000 kila wiki. Nimfanyeje mwanamume huyu?
Mama Duka

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Pole imeisha, sasa tuzungumze.

Hiyo 350,000 umeijuaje? Duka lisilofunguliwa Jumamosi halina hesabu ya Jumamosi. Naona kijana keshawekwa, mlango wa nyuma unafunguliwa bwana akiwa sinagogi, na sasa kuna mtu ameanza kunong'ona. Kama nakusingizia, niandikie tena.

Halafu hujataja ada iliyokosekana wala siku mliyolala njaa. Umemtaja dada yako.

Dini yake mumeo hakukuficha. Wazee wake wameshika Torati tangu Semei Kakungulu alipowaongoza huko mwaka 1919, na Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wakasali kwa kujificha. Sabato waliyoificha askari wa Amin wasiione, wewe unataka kuiuza kwa mfuko wa saruji?

Siku sita hela inamtuma mumeo: amka, panda boda, dai deni. Siku ya saba imo kwenye droo, haimwambii kitu. Mhubiri alishasema, “Apendaye fedha hatashiba fedha.” Katika Pirkei Avot, mkusanyo wa maneno ya wazee wa Kiyahudi, Ben Zoma anauliza tajiri ni nani, anajibu: anayeifurahia sehemu yake. Hillel naye anaonya kwamba mali ikizidi, wasiwasi unazidi. Usidhani walikuwa watu wa kuchukia pesa. Humo humo imeandikwa kwamba pasipo unga hapana Torati. Ila Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, inasema mtu akifika hukumuni, swali la kwanza ni kama alifanya biashara zake kwa uaminifu. Hilo, mama, jiandae kulijibu wewe na kijana wako.

Ndoa za siku hizi zimekuwa kama vikoba, kila mtu anauliza mgao wake utatoka lini. Binti anauliza kiwanja kabla ya tabia, kijana anauliza mshahara kabla ya ukoo, na usiku wanapeana migongo, kila mmoja anachungulia salio lake kwenye simu. Kisha wanasema wamerogwa! Haya, nisiwahubirie wasioniandikia.

Mumeo nampa kosa moja, ile milioni mbili. Kumkopesha mwenzake bila riba ni amri ya Torati, hapo usimguse. Lakini marabi walimlaumu anayekopesha bila mashahidi, na sisi tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tena marabi hao wamesema mkeo akiwa mfupi, inama umnong'oneze, yaani umtake shauri. Yeye hakuinama. Mwambie aandikishiane na jirani mbele ya watu wawili, na siku nyingine mkopo wowote upite kwako kwanza.

Ila hayo utayasema baada ya kusema yako. Chagua Jumatano jioni, si Ijumaa mnapokimbizana na mapishi na mishumaa. Weka hela zote za Jumamosi mezani, umweleze zilivyoingia, na ziende wapi aamue yeye. Atakasirika, na ana haki. Kijana mlipe chake, Jumapili aje kazini kama wengine, kwa mlango wa mbele.

Na dada yako mtembelee, umuulize taratibu ile nyumba ina mkopo wa miaka mingapi.