Barua kwa mwanangu aliye Pweto: timu ya chuo ianze na wapinzani

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva, na nimeisoma mara mbili kabla ya kumpa baba yako. Unasema mkuu wa chuo chenu hapo Pweto, kando ya Ziwa Mweru, amekukabidhi kazi ya kuunda timu ya mpira wa miguu, kwamba wanafunzi wenu wote hawafiki mia tatu, na kwamba timu mbili zilizotangulia zilikufa kabla ya kumaliza mwaka. Kisha unaniuliza: "Mama, wewe ulitunza fedha za chuo miaka mingi, na fedha za timu zilipita mkononi mwako. Tuanze na nini ili hii isife kama zile?" Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili ninalipenda, na kwa sababu nimeona jasho la vijana wengi likipotea bure.

Anza na wapinzani. Jezi zingoje, kocha angoje, hata kiwanja kingoje kidogo. Keti na daftari uandike ni timu gani zinaweza kufika kwenu kwa miguu, kwa baiskeli au kwa mtumbwi, zikacheza, na kurudi kwao kabla ya giza. Orodha hiyo ikiwa fupi, basi kazi yako ya mwaka wa kwanza ni kuirefusha, maana timu ya chuo cha mbali haifi kwa kukosa vipaji. Hufa kwa sababu vijana wanafanya mazoezi kwa bidii wiki tatu nne, wanagawana pande mbili na kucheza wao kwa wao, kisha wanatambua kwamba hakuna mtu anayewangoja Jumapili. Mmoja anaacha kuja, wa pili anamfuata, na kocha anabaki na wavulana sita na mpira mmoja. Hapo ndipo viongozi, kwa nia njema kabisa, hutafuta dawa kubwa: safari ya kuja Lubumbashi kucheza na chuo chenye jina. Lori linakodiwa, mafuta yananunuliwa, njia ya mvua inakula siku kadhaa, vijana wanalala wamekaa, wanafungwa mabao mengi, na wakirudi fedha ya mwaka mzima imekwisha kwa dakika 90. Hesabu za namna hiyo zimepita mezani pangu, na kila mara zilikuwa hesabu za mwisho za timu hiyo.

Utazame mji huu wetu ili uelewe ninachosema. Timu ya mpira ya Mazembe ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa watawa Wabenedikto waliokuwa na shule hapa, wakitaka michezo kwa vijana ambao hawakuelekea upadri. Kwa hiyo timu ambayo Afrika yote inaijua leo ilianza kama timu ya wanafunzi, tena ndogo kama hiyo yako. Mwaka huo huo wa 1939 watu wa reli nao walikuwa na timu yao, Saint-Éloi Lupopo. Wewe unajua mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli, na unajua ni rangi zipi zilizovaliwa nyumbani kwa babu yako, lakini hata mimi ninakubali kwamba hakuna kati ya timu hizo mbili ambayo ingekua bila nyingine. Misheni ya watawa, reli, migodi na viwanda vilikuwa karibu karibu, na mchezaji wa mtaa wa Kamalondo aliweza kwenda kwa miguu kucheza na watu wa mtaa mwingine kisha Jumatatu akawa kazini. Ubingwa wa Afrika wa mwaka 1967 na wa 1968, na hata ile fainali ya klabu bingwa duniani ya mwaka 2010 huko Abu Dhabi, vina mizizi katika Jumapili hizo za ujirani ambazo hazikugharimu mafuta wala hoteli. Watu husimulia matajiri na makocha wakasahau kwamba kwanza kulikuwa na mtu wa kucheza naye.

Pweto haina ujirani wa namna hiyo, na hakuna atakayewaletea. Lakini ina watu. Shule za sekondari zina vijana wa miaka kumi na saba ambao wataona fahari kucheza na wanafunzi wa chuo. Parokia ina vijana wake, hospitali ina wauguzi, soko lina wachuuzi na vijana wa kubeba mizigo. Kambi ya askari nayo ina timu karibu kila mahali. Mkipanga mechi nao, nenda wewe mwenyewe kwa kamanda na kumwomba kwa heshima kwamba silaha zote zibaki kambini siku hiyo, na usipange tarehe kabla hajakubali. Walio muhimu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wavuvi. Wana nguvu, wanapenda mpira, na wana miezi ambayo mikono yao haina kazi: ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na vijana wa ziwani wanakaa ufukweni wakingoja kufunguliwa. Hiyo ndiyo miezi ambayo wanafunzi wenu wapo chuoni. Wapangieni mechi wakati huo.

Na hapa nifike kwenye kalenda, ambayo watu wa chuo huisahau kila mara. Huku Katanga mvua huanza kuelekea Novemba na kukoma karibu na Aprili, na kiangazi kizuri cha kuchezea ni Mei hadi Septemba. Mwaka wa masomo umekaa kinyume chake: wanafunzi wanafika mvua inapoanza, na njia zinapokauka na viwanja kuwa vizuri, wao wako kwenye mitihani au wamekwisha kurudi makwao. Ukipanga msimu wako kwa kiangazi tu, utabaki na wiki chache za Mei na Juni. Kwa sababu hiyo ni lazima mcheze wakati wa mvua, na kucheza wakati wa mvua kunamaanisha kutosafiri, na kutosafiri kunaturudisha kwa majirani niliokutajia. Panga mechi saa nane na nusu au saa tisa, na kubalianeni mapema na wote kwamba radi ikilia mchezo unasimama na watu wanatoka kiwanjani, hata kama yupo anayeongoza kwa bao.

Kuhusu kiwanja, nimeona katika barua yako kwamba mnafikiria kufyeka bonde lililo nyuma ya mabweni kwa sababu ni tambarare. Nakuomba usikubali. Bonde hukusanya maji, na kuanzia Januari mtakuwa na ziwa dogo la vyura. Tafuta ardhi ya kichanga iliyoinama kidogo, hata ikiwa mbali na mabweni. Sheria za mpira zinaruhusu urefu wa kati ya mita 90 na 120 na upana wa kati ya mita 45 na 90, kwa hiyo mita 95 kwa 60 ni kiwanja halali, na kila mita mtakayoiacha ni mita ambayo hamtaifyeka tena mvua ijayo. Magoli yana kipimo chake, mita 7.32 kwa 2.44, na hapo usipunguze, kwa sababu kipa aliyelelewa kwenye goli dogo hupotea siku anapokutana na goli la kweli. Msitumie miti. Mchwa wataimaliza, na mwamba wa goli unaooza unaweza kumwangukia mtoto. Omba mabomba ya chuma kwa fundi anayetengeneza mitumbwi au malori, mpake rangi nyeupe.

Sasa suala la mkuu wako. Unasema anaamini kwamba timu italeta wanafunzi wapya, na anatoa mfano wa vyuo vidogo vya Marekani vilivyo mbali na miji, ambavyo huanzisha timu za mpira wao ule wa kofia ngumu, futiboli ya Kimarekani, ili kujaza madarasa. Mfano wake si wa uongo, ila una upande mwingine. Katika ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo vya huko, iliyoanzishwa mwaka 1973, chuo hakiruhusiwi kumlipia mchezaji masomo kwa sababu ya mchezo, na mpira wao unahitaji kikosi kikubwa ambacho chaweza kukaribia vijana mia moja. Kwa hiyo chuo kidogo kinapata wanafunzi wengi kwa mkupuo mmoja, na wengi wao familia zao zinalipa karo au zinakopa. Kwetu mpira una wachezaji kumi na mmoja. Hata ukiweka kikosi kikubwa, hutavuka ishirini na watano, na wengi wao tayari ni wanafunzi wenu. Na hata huko, timu haikomboi chuo chenye shida. Chuo kikuu cha Finlandia, kilichokuwa Hancock, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, kwenye theluji nyingi na mbali na miji mikubwa, kilikuwa na timu ya mpira huo tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 chuo chenyewe kilifungwa kwa sababu ya madeni na upungufu wa wanafunzi. Mwambie mkuu wako haya kwa adabu, kabla hajaandika kwenye bajeti karo za wanafunzi ambao hawajazaliwa. Faida ya timu yenu itakuwa nyingine: mwanafunzi wa Kasenga au wa Manono anayekaa mbali na mama yake atakuwa na sababu ya kubaki chuoni mwisho wa wiki, na watu wa Pweto watakuwa na sababu ya kuingia kwenye lango la chuo. Kwangu hiyo inatosha, na inafaa kulipiwa.

Kuna jambo ambalo vilabu havina lakini vyuo vinalo: wachezaji wenu wanaondoka. Mwanafunzi wa lisansi, yaani shahada ya kwanza, anakaa miaka mitatu, kwa hiyo kila mwaka theluthi moja ya timu inaaga, na mara nyingi ni ile theluthi iliyokwisha kuelewa. Ukimwachia nahodha wa mwaka wa tatu kila kitu, atakapohitimu ataondoka na ufunguo wa stoo, namba za watu na makubaliano yote kichwani mwake. Weka watu wasiohitimu. Mlinzi wa chuo atunze mipira. Mama anayepika mabwenini atunze jezi, naye alipwe kwa kazi hiyo. Msaidizi wa nahodha atoke mwaka wa kwanza au wa pili, na daftari la timu libaki ofisini kwako. Kocha naye awe mtu wa hapo, mwalimu wa shule ya msingi mwenye nyumba na shamba Pweto. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipa mishahara, na nakuambia kwamba kocha wa kutoka mjini husubiri mshahara uliochelewa mara ya kwanza, na mara ya pili hayupo.

Fedha itakayopatikana iende kwanza kwenye chakula. Wanafunzi wengi wanaojipikia hula mara moja kwa siku, nawe utawakuta wakikimbia saa kumi bila kitu tumboni tangu jana usiku. Bukari, yaani ugali, na samaki baada ya mazoezi, mara mbili kwa wiki, vitaleta vijana wengi uwanjani kuliko jezi za rangi yoyote, na samaki hapo si tatizo. Kisha mipira: namba 5, mizunguko ya sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450. Pima mmoja kwenye mizani ya duka kabla ya kulipa, kwa maana ile ya bei ndogo hunywa maji na kuwa mizito kama jiwe. Nunua pampu na sindano zake nyingi. Viatu ni lazima kwa sheria, lakini vya plastiki vya sokoni vinatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi kila mtu awe na vyake.

Wasichana usiwaweke kwenye mwaka wa pili, kama barua yako inavyopendekeza. Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika, na wasichana wa Pweto wamesikia habari hiyo redioni kama wavulana walivyoisikia. Wape siku zao za kiwanja tangu wiki ya kwanza, ziandikwe, na mvulana yeyote asiruhusiwe kuzichukua.

Kuhusu timu za ng'ambo, usivuke mpaka bila barua ya msimamizi wa teritware, yaani wilaya, na orodha ya majina yote iliyopigwa mhuri, ambayo watu wa uhamiaji wameiona siku kadhaa kabla. Waalike wao kwanza, na msimamizi awepo siku hiyo akae mbele. Kwa waamuzi, muulize kiongozi wa mpira wa teritware aliye chini ya FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, umlipie mwamuzi nauli na chakula, lakini fedha hiyo aipokee kabla ya mchezo na mbele ya timu zote mbili.

Baba yako amepata nyavu mbili zilizotumika lakini nzima, na pampu moja. Tutampa dereva yule yule akipita Alhamisi. Kabla hajafika, niandikie majina ya timu ulizopata na umbali wa kila moja, ili nikusaidie kupanga mechi za kuanzia Desemba.

Mama yako