Kabla hujapuliza jeti, niambie pampu gani

Juzi nimepita gereji ya jirani nikamkuta dogo mmoja amejikunja juu ya Corolla, anapuliza jeti ya kabureta, kile kitundu kidogo kinachopitisha mafuta, kwa mdomo. Mwenye gari akaninong'oneza kwamba hiyo ni mara ya nne tangu asubuhi. Injini 4A-FE, yaani ya EFI, mafuta yanapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta; kompyuta hiyo, kontroli boksi, imekufa, wamempachikia kabureta ya 4A-F, ndugu yake asiye na nozeli. Ikiwashwa inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Nikamuuliza dogo, mafuta unayasukuma na pampu gani? Akanijibu kifua mbele: "Ileile ya kwenye tenki, fundi. Nzima kabisa hiyo."

Nikachoka. Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe miaka hiyo, tena kwa kifua hichohicho, na injini ya mtu ikafa. Basi wadogo zangu, wekeni spana chini kidogo.

1. Hakikisha boksi imekufa kweli. Nusu ya boksi "zilizokufa" nilizoletewa zilikuwa na waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi, umeoza tu. Ikiwa nzima, acha EFI ya watu.

2. Pampu. Ya EFI inatoa psi 40 hivi. Tairi la Corolla mnalijaza 30, na mnajua likijaa linavyokuwa gumu. Kabureta inataka 3 au 4, basi. Kinachozuia mafuta pale ni sindano ndogo inayoinuliwa na boya, na boya lenyewe jepesi kama kifuniko cha soda. Boya hilo unalipatia kazi ya kushindana na pampu ya nozeli?

Mimi nililipatia. Nilikata mpira uliokuwa unaenda kwenye nozeli, nikauunga kwenye kabureta, nikaziba ritani, bomba la kurudisha mafuta tenki, kwa bolti ya kumi na klempu. Nikajiona mjanja, kazi ya siku mbili nimeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mafuta yakafurika kwa juu. Nikasema sindano mbovu, nikakimbia Gerezani kwa wauza spea kununua nyingine. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, muuza spea akaanza kuniita mteja. Nikakunja ulimi wa boya, nikakunja tena, mpaka ikatulia kidogo: ikiwa sailensa, yaani hujakanyaga mafuta, inatetemeka, lakini ukikanyaga inakwenda. Nikapokea hela yangu.

Wiki ya pili mzee mwenye gari akanipigia kwa furaha. "Fundi, gari haili oili kabisa. Nimepima leo, naona imeongezeka!" Na mimi nikafurahi naye. Nikamwambia, unaona mzee, hiyo ndiyo raha ya kabureta.

Jamani, oili haizai. Ile ilikuwa petroli. Ilifurika kwenye kabureta, ikashuka kwenye manifodi, ikaosha oili kwenye kuta za silinda, ikapenya ringi mpaka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Mzee akaondoka nayo kwenda Morogoro. Hajafika Chalinze, ikaanza kugonga, ikanoki, injini ikafa. Nilikwenda kuivuta kwa hela yangu. Tulipofungua sampo, kilichomwagika kwenye beseni kilikuwa chepesi kama chai ya rangi na kinanuka sheli, na beringi za krenki zimelika mpaka shaba inaonekana. Mzee hakunitukana. Alikaa juu ya tairi bovu, akatazama beseni, akauliza taratibu: "Sasa ile iliyoongezeka ilikuwa nini?" Bora angenitukana. Injini ile niliilipa kidogokidogo kwa miezi saba.

3. Kwa hiyo toa pampu kwenye tenki, weka bomba linalofika karibu na chini, lenye chujio mdomoni. Halafu funga pampu ya umeme ya presha ndogo nje, karibu na tenki na chini kadiri inavyowezekana, maana pampu hizi hodari wa kusukuma, kuvuta ni wavivu. Na asikudanganye mtu kuhusu regyuleta ya kwenye reli ya nozeli. Hiyo imetengenezwa kuishikilia presha kubwa ileile.

4. Usizibe ritani. Kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana mafuta yanachemka ndani ya bomba, na mvuke unahitaji njia ya kurudi tenki. Mpira nao upitishe mbali na ekzosi. Nimeshamwona fundi mzima, jina lake nalihifadhi, ameulaza juu ya ekzosi halafu analaumu petroli kwamba imechakachuliwa.

5. Waya wa pampu msiunge swichini moja kwa moja. Kwenye EFI, injini ikizima, boksi inakata pampu. Wewe umeitoa boksi, kwa hiyo gari ikipinduka na swichi iko on, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Pitisha kwenye relei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayokatwa presha ya oili ikishuka. Kwa kuwasha usiogope, mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta yanatosha.

6. Distributa ya EFI, kile kigawa moto wa plagi, haijui kujisogezea moto, yaani kuwahisha cheche, ilikuwa inafanyiwa na boksi. Tafuta ya 4A-F yenye vakyumu, inayosogeza moto kwa mvuto wa injini.

7. Kila asubuhi ya wiki ya kwanza chomoa stiki ya oili, pima, halafu NUSA kama ina petroli. Watu wananiona mwehu.

Dogo wa juzi nilimchomolesha stiki palepale. Akanusa, akaitazama, akanusa tena. Akafunga boneti, akaingia uvunguni kufungua tenki bila kuniaga. Jioni nikamkuta ameishika ile pampu nzima mkononi, ananiuliza ataiuza shilingi ngapi. Nikamwambia aifunge kwenye mfuko na nozeli zake ampe mwenye gari. Siku mwenye gari akipata boksi nyingine ataidai pampu yake, na atamdai dogo.