Jibu: Nani aliandika habari za heroe wa Ziwa Natron?

Ndugu yangu, umeuliza aliyeandika habari za heroe wa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, yule mzungu aliyeungua miguu akitafuta viota vyao, ni nani. Ni Leslie Brown, afisa kilimo wa Kenya enzi za ukoloni. Ndege alikuwa akiwafuatilia nje ya saa za kazi.

Mwaka 1954 aliwaona heroe akiwa angani ndani ya eropleni ndogo, wametaga katikati ya Natron. Akaamua kuwafuata kwa miguu. Sasa fikiria lile tope: juu limeganda gamba la magadi, unakanyaga, linapasuka, unazama hadi magotini. Magadi yakaingia ndani ya viatu, na kila hatua yakawa yanamchubua ngozi. Alirudi bila kuvifikia viota, miguu imejaa malengelenge, akalazwa hospitali. Na ukatili huohuo wa tope ndio unaomlinda heroe: fisi na mbweha hawavuki kirahisi kufika kwenye viota vyake, vile vichuguu vya udongo, kila kimoja na yai lake moja.

Kisa chote kimo katika kitabu chake, The Mystery of the Flamingos, 1959. Kitafute.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa tai. Huko Embu, Kenya, alikuwa na kilima chake cha tai, akakirudia miaka na miaka kuangalia viota vilevile. Subira ya namna hiyo ndiyo iliyozaa kile kitabu kikubwa cha tai na mwewe wa dunia nzima, alichoandika na Dean Amadon, mtaalamu wa ndege wa Marekani, 1968. Alifariki 1980.