Maisha ya mgeni kijijini Isan: maswali yenu na majibu

Safari hii nimechagua maswali ya wale walio njiani kuja kuishi vijijini Thailand, hasa Isan, ukanda wa kaskazini mashariki ambako ninafundisha. Bangkok ina ofisi za kila namna za kumhudumia mgeni. Kijijini kuna mwenye nyumba, mwenyekiti wa kijiji na majirani, na karibu kila jambo litapitia kwao.

Shikamoo mwalimu. Mchumba wangu ni Mthai, kwao ni kijijini Surin. Nakuja kukaa kwa wazazi wake miezi kadhaa. Nimeambiwa kuna kuripoti uhamiaji, nami sijafanya kosa lolote. Inakuwaje? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Hakuna anayekushuku, ni utaratibu wa kila mgeni. Ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, halafu hulipishwa faini bure.

La kwanza si lako, ni la mwenye nyumba. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1979 inamtaka anayempokea mgeni atoe taarifa ndani ya saa 24 tangu mgeni afike. Fomu yake inaitwa TM30. Hoteli hufanya hivyo bila wewe kujua, lakini mama mkwe wako mtarajiwa huenda hajawahi hata kuisikia. Basi mchumba wako amweleze mapema, kabla hujapanda ndege. Taarifa hutolewa ofisi ya uhamiaji ya mkoa, au kwa intaneti, na pale pasipo na ofisi hiyo, kituo cha polisi. Andaeni nakala za kitabu cha usajili wa nyumba, kitambulisho cha mwenye nyumba, na pasipoti yako pamoja na ukurasa wenye muhuri wa kuingilia. Stakabadhi mtakayopewa itunze vizuri, maana siku utakapokwenda kuongeza muda wa kukaa utaulizwa.

La pili ni lako. Ukikaa siku 90 mfululizo bila kutoka nchini, unaripoti unakoishi kwa fomu TM47, na unaendelea hivyo kila baada ya siku 90. Unaweza kuripoti kuanzia siku 15 kabla ya tarehe yako hadi siku 7 baada yake. Ukipitiliza, andaa faini ya baht 2,000 (baht ni fedha ya Thailand). Na hapa nakusihi unisikilize: kuripoti hakukuongezei hata siku moja ya kukaa. Tarehe iliyo kwenye muhuri ndiyo inayokutawala. Ukiizidisha, faini ni baht 500 kwa siku mpaka ifike 20,000, na ukizidisha zaidi ya siku 90 unafungiwa mlango usirudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Pia, kama umeongezewa muda na unataka kuvuka kwenda Laos hata kwa siku mbili, kata kwanza kibali cha kurudi cha baht 1,000. Bila hicho, muda wote ulioongezewa unakufa pale mpakani.

Kabla ya kuondoka Arusha, hakikisha una cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ujaze kadi ya kuingilia ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kadi hiyo ilianza Mei 2025.

Ukishafika, mwombe mchumba akupeleke kumsalimia mwenyekiti wa kijiji. Hakuna sheria inayokulazimisha. Lakini huyu ndiye anayetangaza mambo ya kijiji alfajiri kwenye vipaza sauti, na ndiye ofisi ya wilaya hupenda kumuuliza pale inapohitajika shahidi. Akikujua kwa sura, mambo yako mengi yatakwenda vizuri.

Dada yangu, nasuka vizuri sana: rasta, twisti, yote. Kuna saluni kwenye mji mdogo karibu nasi na mwenye saluni ananitaka. Nikisuka kidogo kidogo si hakuna shida? (Msomaji wa Mombasa, aliyeolewa Udon Thani)

Ipo, mdogo wangu, na ni kubwa. Kazi za nywele na urembo zimo kwenye orodha ya kazi zilizotengwa kwa ajili ya Wathai peke yao, pamoja na kuongoza watalii na umachinga. Maana yake hata ukiomba kibali cha kazi ya kusuka, hupewi. Viza ya ndoa nayo si kibali cha kazi. Ukikamatwa, faini yako ni baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na huwezi kuomba kibali cha kazi kwa miaka miwili. Huyo mama wa saluni naye anatozwa kuanzia 10,000 hadi 100,000 kwa kukuajiri.

Najua wapo wanaofanya. Najua pia kuwa hela ya kusuka ni hela halali kwa jasho lako, na inaniuma kukwambia uache. Lakini kijijini hakuna siri. Wateja wataweka picha mtandaoni kwa nia njema kabisa, na anayezitazama huwezi kumjua. Kumsuka wifi yako barazani ni mapenzi ya nyumbani. Kuweka bei ni biashara. Kama una shahada, ulizia kufundisha Kiingereza: shule hutafuta walimu, na kazi hiyo ina viza yake na kibali chake. Hakikisha kibali kimetoka ndipo uingie darasani.

Niliambiwa basi linaondoka "saa tatu". Nifike saa ngapi? (Msomaji, Kigoma)

Uliza ni tatu ya wapi. Mswahili ana bahati hapa, kwa sababu Wathai nao huanza kuhesabu upya jua linapozama: wanachokiita *saam thum*, yaani ya tatu, ni saa tatu usiku yetu ileile. Wazee wa vijijini huhesabu hivyo asubuhi pia, wakisema tatu wakimaanisha saa tatu asubuhi. Vijana na watu wa mjini, kwa asubuhi, watasema tisa. Mchana huanza moja tena baada ya adhuhuri, kwa hiyo tatu ya mchana ni saa tisa yetu. Usiku wa manane vivyo hivyo, wanaanza moja baada ya saa sita. Kwa basi, tazama tiketi: imeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na 21:00 haina ubishi.

Hapohapo angalia na mwaka. Wao wako mbele yetu kwa miaka 543, kwa hiyo dawa iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni 2569, au 69 tu, inaisha 2026.

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini huko? Na hao samaki wabichi wanaoliwa Isan vipi? (Msomaji, Muscat)

Waislamu wengi wa Thailand wako kusini: Pattani, Yala, Narathiwat. Isan ni wachache, lakini miji mikubwa kama Khon Kaen na Udon Thani ina misikiti, na penye msikiti hukosi mgahawa karibu. Dukani tafuta nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Imejaa kwenye tambi, biskuti na maziwa. Kwenye mama ntilie wa kijijini jihadhari na mafuta ya nguruwe na mchuzi uliotiwa damu. Mayai, samaki wa kuchoma, mboga na wali wa kunata vitakutosha. Wali huo unauminya tonge kwa vidole na kuchovya, kama ugali kabisa.

Samaki wabichi ni haramu ya kiafya kwa dini zote, na sitalisema hili kwa upole. Samaki wa mito na mabwawa ya Isan hubeba minyoo wa ini. Wanaingia kwenye mirija ya nyongo, wanakaa humo miaka, na baadaye huleta saratani ya mirija hiyo. Isan ndiko saratani hii inakoongoza duniani. Ndimu haiwaui, pilipili haiwaui, wala pombe. Moto ndio unaowaua. Tiba ni praziquantel, dawa ileile tunayoijua kwa kichocho, lakini mtu anayekunywa dawa kisha akarudia samaki wabichi anajiumiza upya kila mara. Mwenyeji akikukaribisha, sema daktari amekukataza. Atakuelewa mara moja, kwa sababu hospitali zao zinahubiri hilohilo. Saladi ya papai nayo hutiwa samaki waliovundikwa, kwa hiyo omba iliyopikwa au isiyotiwa kabisa.

Mume wangu anataka tumsaidie baba mkwe shambani msimu wa mvua. Naogopa nyoka. (Msomaji, Morogoro)

Kuogopa nyoka ni busara. Fira wapo, na wapo nyoka wa kijani wanaokaa matawini. Mwingine, *krait*, hutembea usiku, na anaweza kumuuma aliyelala chini bila maumivu makubwa kisha mwili ukapooza. Kwa hiyo lala kitandani, chomekea chandarua chini ya godoro, tembea na tochi. Mtu akiumwa: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mlaze, mguu usichezeshwe, piga 1669. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Dawa ya sumu Thailand inatengenezwa yenyewe, na Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo.

Ila mimi nakuhofia zaidi tope. Mashamba ya mpunga ya Isan yana homa ya mgunda, ambayo wasomaji wa Lindi wanaikumbuka tangu 2022, na yana pia bakteria wa ugonjwa uitwao melioidosisi. Huingia kupitia kidonda au maji ya kunywa yasiyochemshwa, na humwandama zaidi mwenye kisukari au figo mbovu. Vidonge vya kununua dukani haviutibu. Unahitaji sindano za hospitali, kisha vidonge vya miezi kadhaa. Vaa gamboti hata kama baba mkwe yuko peku. Ukiwa na kidonda mguuni, baki nyumbani upike. Homa ikikushika siku za kupandikiza mpunga, nenda hospitali ya wilaya na useme wazi, "Nimekuwa majarubani."

Mke wangu ni wa Roi Et. Naweza kununua shamba kwa jina langu? (Msomaji, Brussels)

Hapana. Sheria ya ardhi ya 1954 haikupi nafasi hiyo. Ardhi itakuwa ya mke, na siku ya kununua utatia saini kwamba fedha ni zake binafsi. Unachoweza kupata ni haki ya kutumia na kufaidi ardhi hiyo maisha yako yote, au pango la hadi miaka 30, ilimradi viandikishwe ofisi ya ardhi nyuma ya hati yenyewe. Nyumba unaweza kuimiliki kando na kiwanja. Angalia pia aina ya hati: hati kamili huitwa *chanote*. Ardhi ya mageuzi ya kilimo ni ya wakulima Wathai tu, hata bei iwe nzuri vipi. Usikubali kutumia jina la mtu wa kuazima. Huko ni kuvunja sheria, na huna pa kudai.

Jirani amefiwa. Mimi ni Mkristo. Niende msibani? (Msomaji wa Kisumu, yuko Buriram)

Nenda, na uende leo. Marehemu hukaa nyumbani siku kadhaa, watawa huja jioni kusoma. Vaa nyeusi au nyeupe. Rambirambi weka kwenye bahasha, andika jina lako juu, kwa sababu familia huorodhesha ili nao wakukumbuke zamu yako. Hutakiwi kuabudu. Kaa kimya, miguu ukiikunja nyuma isielekee kwa watawa, na kama wewe ni mwanamke usiwaguse. Asubuhi rudi jikoni ukasaidie kukata mboga.

Plagi zetu zinaingia? (Msomaji, Dodoma)

Umeme wao unakaribiana na wetu, lakini plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii. Nunua adapta mbili hapo nyumbani, moja iwe ya akiba.